Vikombe Vilivyolala Kwenye Ulezi

Asubuhi ile nilitoka bila mpango wowote. Nilikunja blanketi langu, nikaosha bakuli nililonywea uji, nikamwambia Genofeva, mwenye nyumba, "Naenda."

"Wapi?"

Nikaonyesha barabara kwa kidevu. Barabara ina pande mbili, na mimi nilikuwa sijachagua hata upande. Genofeva alinitazama kidogo, akanifungia viazi vya kuchemsha kwenye mfuko, akarudi ndani. Nikashika upande ambao jua halikunipiga machoni. Ndiyo siku niliyoacha kazi ya vikombe, na hakuna aliyenifukuza.

Nyie wajukuu mnaokaa kwenye benchi la duka la mpwa wangu hapa Majengo, mnapenda kunitania. "Shikamoo Bibi Yustina! Eti ulikuwa unapima hewa ya vyumbani? Ilikuwa na kilo ngapi?" Halafu mnagongeana mikono, mshikaji hivi, mshikaji vile. Nami hucheka. Lakini juzi mmoja wenu aliniuliza vizuri, bila utani, kazi ile ilikuwa ya nini hasa. Nikafungua mdomo nikakuta sina pa kuanzia. Mpaka leo sijaielewa yote. Nitawaeleza kadiri ninavyoelewa, na nisipoelewa nitasema hivyo hivyo.

Shule niliiacha darasa la tano. Nilikuwa nakaa darasani najiuliza maji ya kijito cha nyuma ya shule yanakwenda wapi, siku moja nikayafuata. Yaliishia kwenye kinamasi. Nilichapwa, lakini nilikuwa nimekwishajua. Tangu hapo miguu haikutulia. Nimepukuchua mahindi Mpui, nimewapikia wajenzi wa barabara, nimepandisha dagaa kutoka ziwani mpaka huku juu kwenye baridi, nimewabebea mawe watu waliotafuta madini. Ni hao wa mawe walionikutanisha na Daktari Mussa.

Daktari Mussa hakuwa daktari wa watu. Alikuwa msomi wa ardhi kutoka chuo kimoja cha mbali, kijana mrefu, mikono ya koti lake la baridi inaishia juu ya viwiko. Kila tulipofika kijijini na watu wakasikia neno "daktari", walileta watoto wenye kikohozi, naye akabaki kuinua mikono. "Jamani, mimi ni wa mawe! Wa mawe!"

Bibi mmoja akamnyooshea mguu. "Basi tazama goti hili. Limeshakuwa jiwe."

Alinihitaji kwa sababu kazi yake ilikuwa ya vyumba vya kulala, na kwetu mwanamume mgeni haingii chumba cha kulala cha watu hivi hivi. Mimi niliweza. Mwanamke mwenye umri wangu, akiomba maji ya kunywa kwanza, akasifia mtoto, akaketi chini badala ya kungoja kiti, ataonyeshwa mpaka uvunguni. Shikeni hilo. Kazi yoyote itakayowapeleka majumbani kwa watu, anzeni na maji ya kunywa.

Sasa hiyo hewa yenyewe. Chini ya ardhi, kwenye baadhi ya mawe, kuna gesi inayotoka kidogo kidogo. Inaitwa radoni. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ikitokea nje, upepo unaichukua, haina neno. Lakini ikipanda kupitia nyufa za sakafu na kuingia kwenye nyumba iliyofungwa, inajikusanya. Mtu akiivuta miaka na miaka inaweza kumletea saratani ya mapafu, na akiwa mvuta tumbaku hatari inazidi sana. Hivyo ndivyo alivyonieleza Daktari Mussa, nami nimeyarudia maneno hayo mara nyingi mpaka yamekuwa kama sala, yaani nayasema vizuri kuliko ninavyoyaelewa.

Kipimo kilikuwa kikombe cheusi cha plastiki, kidogo kuliko cha kahawa, chenye kifuniko na uzi. Ndani yake kuna kipande cha plastiki laini. Gesi ikiingia inaacha alama juu ya kile kipande, ndogo mno, hazionekani kwa macho. Wataalamu huko maabara wakizihesabu wanajua chumba kina gesi kiasi gani. Unakining'iniza kwenye chumba cha kulala, kimo cha pumzi ya mtu, mbali na ukuta, mbali na dirisha, mbali na moto. Usikifunike na nguo. Usikihamishe. Unakiacha msimu mzima, na watu waishi kama wanavyoishi siku zote. Nilidhani hakuna kazi rahisi kama hiyo. Nilifikiria kikombe, nikasahau watu.

Kitongoji ninachotaka kuwasimulia kiko njia ya Mwazye, nyumba za matofali zimepangana juu ya mgongo wa kilima, mahindi huku, ulezi kule. Baridi ya mwezi wa sita huko inaingia mpaka kwenye meno. Watu hufunga madirisha mapema, na penye ufa huchomeka tambara. Kwa mtu wa baridi, nyumba nzuri ni ile isiyopitisha hata unyasi. Kwa mtu wa radoni, nyumba hiyo hiyo ndiyo inayomtia wasiwasi. Mmeanza kuona nilivyochanganyikiwa?

Mkutano ulifanyika uwanjani, nje ya kigango, lile kanisa dogo la kitongoji. Daktari Mussa alieleza taratibu, kwa Kiswahili cha kueleweka. Alipomaliza, Mzee Paskali, aliyekuwa mkubwa kuliko wote pale, akainua fimbo yake.

"Kijana, hiki kitu hakionekani?"

"Hakionekani, mzee."

"Hakina harufu?"

"Hakina."

"Kinaingia ndani na mlango umefungwa?"

"Kinatokea chini, kwenye sakafu. Mlango hakiuhitaji."

"Na kinaua taratibu, mwenyewe asijue?"

"Kinaweza, ndiyo."

Mzee Paskali akawageukia wenzake. "Halafu anatuambia siyo uchawi."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Daktari Mussa naye alicheka, kisha akanyamaza, maana aliona kuna wawili wasiocheka. Mmoja ni huyo Genofeva, mjane aliyekuwa bado amefunga kitambaa cheusi. Mume wake, Oresto, alikuwa amefariki kabla ya mavuno kwa ugonjwa wa kifua, alikohoa damu, akakonda akaisha. Wa pili ni Deogratias, mdogo wake Oresto. Deogratias alikuwa anamtazama shemeji yake, siyo mtaalamu.

Ili mwelewe kwa nini, lazima niwaambie kuhusu sakafu. Karibu na kitongoji kuna malungu, yale matanuru marefu ya udongo ambayo wazee wa zamani walifulia chuma. Mengi yamebomoka, na pembeni yake yamejaa mavi ya chuma, yaani yale mabaki meusi, mazito, yaliyoyeyuka na kuganda. Watu hawayagusi. Ni ya wazee, yaachwe yalipo. Oresto aliyabeba kwa toroli akatandika sakafu ya chumba cha kulala, kwa sababu alikuwa mtu mbishi na kwa sababu hayapitishi unyevu. Ilikuwa sakafu nzuri sana. Alipoanza kukohoa, ukoo ukasema: malungu. Alipofariki, Deogratias akasema shemeji arudi kwao Mpui na nyumba ivunjwe, mawe yarudishwe. Genofeva akakataa.

Basi katikati ya jambo hilo ndipo tulipofika na gesi yetu isiyoonekana inayotoka sakafuni.

Kabla ya kugawa vikombe, Daktari Mussa alisema maneno ambayo nilidhani ni ya kawaida tu. "Tafadhali, vitunzeni sana. Ni vitu vya thamani. Kikivunjika hatuna kingine." Watu wakaitikia kwa uzito. Nikapita nyumba kwa nyumba nikining'iniza. Kwa Deogratias alinipokea mkewe, Skolastika, mwanamke mnene mchangamfu, akakipokea kikombe kwa mikono miwili kama anapokea mtoto wa kubatizwa. Kwa Genofeva chumba kilikuwa giza. Dirisha lilikuwa moja dogo, na pande zote za ubao wake kumechomekwa matambara ya koti kuukuu la kijivu.

"La marehemu?" nikauliza.

"Lake. Alikuwa anasikia baridi sana mwishoni."

Nikafunga uzi kwenye boriti, nikatoka.

Baridi ilipopungua nikarudi kuvikusanya. Kila nyumba nilikuta kikombe kinaning'inia pale pale nilipokiacha. Vingine vilikuwa vinang'aa kuliko nilivyovileta. Nikasema moyoni, watu wa huku ni wasafi jamani.

Majibu yalikuja. Daktari Mussa alimwita kila mwenye nyumba peke yake, maana siri ya nyumba ni ya mwenye nyumba. Lakini kumi wakitoka wanatabasamu na mmoja akatoka amekunja uso, siri inabaki wapi? Jua halijasogea, kitongoji kizima kikajua kwamba nyumba zote hazina neno, hewa yake ni karibu kama ya nje, isipokuwa moja. Ya Genofeva. Yake ilikuwa na gesi nyingi kupita kiasi.

Deogratias hakupiga kelele. Alikuja uani kwa Genofeva, akavua kofia. "Shemeji, mimi nilisema, nikaitwa mshirikina. Sasa amesema msomi. Jumapili ukoo ukutane, tumalize."

"Mmalize nini?"

"Urudi kwenu ukiwa hai."

Sikumchukia, na ninyi msimchukie. Mtu yule alikuwa anaogopa kweli. Nilimwuliza Daktari Mussa kama ni yale mavi ya chuma. Akakuna kichwa. "Inawezekana. Inawezekana pia ni ardhi iliyo chini. Inawezekana ni kwa sababu amefunga sana. Kwa nyumba moja siwezi kujua."

"Sasa tuwaambie nini?"

"Ukweli."

"Upi?"

Akafunga daftari lake la majibu.

Kikao cha ukoo kinataka pombe ya ulezi, na pombe ya ulezi inatayarishwa mapema. Skolastika aliniomba nimsaidie kuchota ulezi kwenye kihenge, kile ghala cha fito kilichoinuliwa juu ya nguzo nje ya nyumba, upepo unapita chini na juu. Yeye akapanda ngazi, mimi nikashika ungo chini. Alikuwa ameinama ndani mpaka kiunoni, sauti yake inatoka kama kwenye mtungi.

"Namhurumia mwenzangu," akasema. "Lakini na yeye kazidi uzembe. Mtu anapewa kitu cha thamani anakiacha kinaning'inia tu kama popo!"

"Si nilikining'iniza mimi?"

"Ulipokitundika wewe, sawa. Ukishaondoka, mwenye akili anakitunza. Sisi chetu hakikupata hata vumbi."

Nikaweka ungo chini. "Mlikitunza wapi, dada?"

"Si humu!" Akapiga ulezi kwa kiganja, ukaita kama mvua. "Nilikilaza chini kabisa, mpaka mkono unaishia hapa." Akajitokeza akanionyesha bega. "Rozari ya marehemu mama iko humu. Vyeti vya ubatizo vya watoto vimo humu. Mdudu hali ulezi, na mwizi mpaka auchimbe tumeshamsikia."

Lazima mjue, wajukuu, kwamba kwa watu wale hilo ni jambo la heshima. Mahindi yanabunguliwa, lakini ulezi unakaa miaka. Kitu usichotaka kipotee unakilaza kwenye ulezi. Tulikuwa tumewaambia vikombe ni vya thamani, wakatuamini.

"Na wengine?" nikauliza, na sauti yangu ilikuwa ndogo.

"Wote! Wewe uliona kikombe gani kimevunjika? Tuliposikia unakuja tukavirudisha kwenye uzi, tukavipangusa pumba, ukute mambo yako sawa." Akanitazama. "Mbona umekaa chini?"

Nilimkuta Daktari Mussa amekaa kwenye kigogo ananyoosha soksi zilizolowa. Nikamweleza. Alibaki na soksi mkononi.

"Kwa hiyo tumepima ulezi," akasema.

"Ulezi uko salama kabisa," nikasema.

Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha kicheko kikamkatika ghafla, tukatazamana, maana wote wawili tulimkumbuka Genofeva. Nyumba yake haikuwa mbaya peke yake. Ilikuwa imepimwa peke yake.

Nilikwenda kumwuliza kwa nini yeye hakukilaza kwenye ulezi kama wengine. Nilitegemea aniambie kwamba alifuata maelekezo. Akanipeleka nyuma ya nyumba, akafungua kihenge chake. Kilikuwa kitupu, kimeota utando wa buibui.

"Msimu ule sikulima," akasema. "Nilikuwa namuuguza. Ningekuwa na ulezi ningekilaza na mimi."

Kikao kilikuwa kigumu. Daktari Mussa aliomba radhi kwanza, akasema kosa ni la maelezo yake, halafu akaeleza habari ya vihenge. Watu wakaangaliana. Wanawake wakaanza kucheka chini ya khanga, na Skolastika akasema kwa sauti, "Tutunze tulaumiwe, tusitunze tulaumiwe!"

Deogratias akasimama. "Kwa hiyo nyumba ya kaka yangu ni salama?"

"Hapana. Kipimo chake ni cha kweli. Gesi ipo nyingi."

"Kwa hiyo sisi tuko salama?"

"Sijui. Nyie bado hatujawapima."

"Wewe unajua nini basi, mwanangu?" aliuliza Mzee Paskali, kwa upole kabisa.

Daktari Mussa akafikiri. "Najua namna ya kupima tena."

Mwenyekiti wa kitongoji akakata shauri. Mvua zilikuwa zinakaribia, na kwenye mvua watu hufunga nyumba kama kwenye baridi. Vikombe vipya viwekwe mpaka mvua ziishe. Nyumba ya Genofeva ikiwa mbaya peke yake mara ya pili, ataondoka na itavunjwa. Zikiwepo na nyingine mbaya, basi neno la malungu life hapo. Deogratias akakubali, ila akataka shemeji akae kwake wakati huo.

"Nikihama," akasema Genofeva, "kikombe kitampima nani? Panya?"

Ndivyo nilivyobaki. Daktari Mussa aliniachia kazi ya kuvizungukia vikombe, nikapata kulala kwa Genofeva, chumba cha mbele. Kila nyumba niliyoingia niliuliza kwanza, "Kiko wapi?" nao wakanionyesha boriti na kuongeza, "Wala hatujakitazama, Mama Vikombe, kisije kikaona haya." Siku moja nikamkuta Skolastika amesimama chini ya chake na fagio, anafukuza kuku wasikipumulie.

Jioni, Genofeva alikuwa na kazi moja asiyoisahau. Mvua ikianza kupiga upande wa dirisha, alichukua yale matambara ya koti, akayachomeka moja moja kuzunguka ubao, anayabonyeza na kidole gumba kama anayesiliba ukuta kwa udongo. Akimaliza anaweka kiganja kuona kama upepo unapita. Nilimwona akifanya hivyo kila jioni ya mvua zile, na sikusema lolote, kwa kuwa maelekezo yalikuwa hayo, watu waishi kama wanavyoishi. Kumbe yeye alikuwa ananiona ninavyomtazama.

Majibu ya pili yalifika wakati baridi ya mwezi wa sita imeshaanza. Safari hii watu wenyewe walisema hawataki kuitwa mmoja mmoja, yasomwe uwanjani, kwa kuwa siri za mara ya kwanza zilikuwa hazijasaidia kitu. Daktari Mussa akasoma. Nyumba ya Genofeva, nyingi. Nyumba ya Mzee Paskali, kidogo. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, nyingi. Ya mwalimu, kidogo. Ya mwenyekiti, nyingi. Ya Deogratias, ambaye sakafu yake ni udongo mtupu usiojua malungu ni nini, nyingi kuliko zote.

Kisha Mzee Paskali akainua fimbo.

"Deo, utahamia Mpui lini?"

Kicheko kilichotoka pale kilisikika mpaka mashambani. Hata Skolastika alicheka, akimpiga mume wake mgongoni. Deogratias alisimama akivunja vidole, akamwendea shemeji yake, akasema kwa Kifipa maneno machache ambayo sikuyasikia. Genofeva akampa mkono. Nyumba yake ikawa imepona.

Maswali ndiyo yalianza hapo. Kwa nini mimi na siyo jirani? Daktari Mussa akasema ardhi haifuati mipaka ya viwanja, na zaidi ya hapo hajui. Oresto aliuawa na gesi? Akasema hakuna anayeweza kusema hivyo kwa mtu mmoja, hasa aliyevuta tumbaku ya kusokota maisha yake yote, ila tumbaku na gesi zikikutana zinasaidiana vibaya. Tufanye nini? Hapo alijibu vizuri. Zibeni nyufa za sakafu. Toboeni matundu ya hewa juu, chini ya paa, na mengine chini. Jua likitoka fungueni madirisha, msingoje joto. Na tumbaku iacheni.

"Mwezi huu wa sita?" akauliza mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. "Nifungue dirisha mtoto apate nimonia?"

Daktari Mussa alimtazama yule mtoto. "Mchana, mama. Jua likiwa juu." Lakini niliona hakuwa na raha na jibu lake, na mimi mpaka leo sina jingine. Baridi inamchukua mtoto wiki hii. Gesi inangoja awe mzee. Mwenye akili achague nini?

Siku zilizofuata walitoboa matundu. Deogratias mwenyewe alikuja na udongo wa kichuguu kuziba nyufa za sakafu ya kaka yake, akapiga magoti juu ya yale mawe meusi bila kusema kitu. Kama gesi ilipungua, sijui. Vikombe vilikuwa vimekwisha.

Mchana ule wa mwisho, Genofeva alikuwa amekaa kitandani, dirisha wazi, yale matambara ya koti ameyarundika mapajani. Aliniita. Nikadhani anataka tuyafue.

"Yustina," akasema. "Baridi ilikuwa inamtesa. Kila jioni alikuwa ananiambia, Geno, ziba. Nami naziba. Pakibaki tundu dogo nalitafuta mpaka nilipate." Akainua macho. "Ni mimi?"

Nilifungua mdomo. Ile sala yangu ya radoni ikaja yote, haina rangi, haina harufu, na hakuna neno hata moja ndani yake lililomfaa yule mwanamke. Nikasema, "Daktari alisema haijulikani." Ni kweli alisema. Genofeva akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeomba maji akaambiwa kisima kiko wapi.

Kesho yake asubuhi ndipo nilipokunja blanketi.

Nilitembea, nikapakiwa na lori la mahindi, nikateremshwa Matai, nikaendelea kwa miguu kwa njia ambayo sikuwahi kupita. Nilikuwa nawaza maneno ambayo ningemwambia, nayatunga, nayavunja. Ulikuwa hujui. Ilikuwa tumbaku. Ilikuwa ardhi. Yote ya kweli na yote hayafai. Jua lilipoanza kuegemea nikafika kwenye kijiji nisichokijua jina, upepo unakata masikio. Nikapiga hodi nyumba ya kwanza yenye moshi.

Alitoka mama mmoja wa makamo, mikono ina unga. Nikaomba maji ya kunywa. Akanipa, akanitazama miguu, akaniuliza natoka wapi na naenda wapi. La kwanza nikalijibu.

"Na la pili?"

"Hilo bado."

Akacheka. "Basi lala hapa mpaka ulijue. Chumba cha binti yangu kiko wazi, ameolewa. Subiri nikitengeneze."

Nikamsikia ndani anafagia, anakung'uta godoro. Aliponikaribisha, nilikuta kitanda kimetandikwa, blanketi la ziada limekunjwa miguuni, na dirishani, kwenye ufa wa ubao, kumechomekwa kitambaa. Kilikuwa cha khanga, kipya, kingo zake zimechanwa sasa hivi, nyuzi bado zinaning'inia.

"Umechana khanga?" nikauliza.

"Ilikuwa imeshachoka. Nimeona umeingia unatetemeka." Akaondoka kwenda kugeuza ugali wake.

Nilikaa kitandani nikitazama kile kitambaa. Halafu nikatoa simu. Mtandao ulikuwa mdogo, ikabidi nisimame juu ya kitanda, karibu na dirisha.

"Umefika?" aliuliza Genofeva.

"Nimefika."

"Wapi?"

"Sijui panaitwaje. Nimepata pa kulala."

"Chumba kina dirisha?"

"Kina. Limezibwa na kitambaa."

Nikasikia kuku wake, na mtu kwa mbali akigonga nyundo.

"Nani kaweka?"

"Mwenye nyumba. Hanijui hata jina. Kaniona nina baridi, akachana khanga yake akaziba."

Nikamsikia akivuta pumzi, ndefu, kama anayetua mzigo kichwani.

"Mwambie asante," akasema. "Mwambie asante sana. Halafu kitoe."